Kutoka rimu 15 kwenda 17 kwenye Premio bila tairi kula fenda

Wengi wanaokuja na rimu za sport wanakuwa wameshalipa, ndo wanauliza kama zitaingia, sasa hapo nikusaidieje? Fanya haya kabla hujatoa hela. Natumia mfano wa Toyota Premio ya 240 (namba ya toleo la bodi) maana mjini zimejaa, ila kwa gari nyingine utaratibu ni uleule, unabadilisha namba tu.

Hatua ya 1: Soma stika
Fungua mlango wa dereva, kuna stika ya tairi. Premio nyingi zinasoma 195/65R15. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya huo upana, 15 ni rimu kwa inchi. Piga picha, na kiwango cha upepo kipo hapohapo.

Hatua ya 2: Piga hesabu
Rimu ikikua, ukuta wa tairi lazima upungue ili gurudumu zima libaki na kimo kilekile. 195 mara 0.65 ni 126.75, mara mbili unapata 253.5, ongeza rimu yenyewe, 15 mara 25.4 ambayo ni 381, jumla milimita 634.5. Sasa kwa 17, 205/50R17 inakupa 636.8, 225/45R17 inakupa 634.3, na 215/45R17 ni 625.3. Zote zinafaa, mi huwa sitoki nje ya asilimia 2. Afu kuna mtu anachukua 195/65R16 kisa anataka gari inyanyuke, iyo ni 659.9, imezidi kwa asilimia 4, dashbodi ilipokuwa inaonyesha 104 sasa inaonyesha 100 na gari inakuwa nzito kuondoka.

Kama njia ya kwako ni mashimo na matuta yasiyo na alama, kwa kweli ishia 16 na 205/55R16. Ukuta wa 215/45R17 hata sentimita 10 haufiki, shimo moja la usiku rimu inapinda. 17 inapendeza, sikatai.

Hatua ya 3: Geuza rimu usome mgongo
Hapa usiwe na haraka, na usimsikilize muuzaji, soma mwenyewe.

Matundu ya nati: Premio ni 5x100, yani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Rimu nyingi nzuri za mtumba ni 5x114.3, za Mark X na RAV4, hizo achana nazo, mtu asikwambie nati zitavuta zenyewe.

Tundu la katikati: habu ya Premio, ile sehemu ya gari inayoingia katikati ya rimu, ni milimita 54.1. Rimu za sport nyingi zina 73.1 ili ziingie gari tofauti tofauti, kwa hiyo unahitaji pete za kujazia hiyo nafasi, bila pete unaweza ukafanya balansi vizuri kabisa na bado usukani unatetemeka ukikolea mwendo.

ET: Hii ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye habu, na namba yenye J ni upana wa rimu kwa inchi. Rimu ya zamani ni 6J ET45. Ukifunga 7J ET45, upana umeongezeka inchi moja, yani milimita 12.7 ndani na 12.7 nje. Ukichukua 7J ET38, nje zinatoka karibu 20 na ndani zinaingia kama 6 tu. Ndo maana ET ikishuka sana tairi inaanza kusugua fenda, ikipanda sana inagusa shokapu.

Za mtumba ziweke kwanza kwenye mashine ya balansi zizunguke, utaona iliyopinda. Yenye alama ya kuchomelewa rudisha, hata ikipakwa rangi mpya.

Hatua ya 4: Tairi
Usiangalie saizi peke yake. 195/65R15 kwa kawaida ina namba ya uzito 91, yani inabeba kilo 615 kwa tairi moja. Zipo 215/45R17 za 87, hizo ni kilo 545, gari ya familia inayojaa watu watano na mizigo ya Moshi, hapana. Tafuta 91 au zaidi. Afu soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye ukuta wa tairi, ndo tarehe ya kutengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019.

Hatua ya 5: Jaribu
Funga tairi kwenye rimu moja tu, weka mbele, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Hamishia nyuma, jaza watu siti ya nyuma, pita kwenye tuta taratibu ukisikiliza. Ikisugua hapo rudisha kabla hujafunga zote.

Hatua ya 6: Funga
Nati za alloy za Toyota zenye washa bapa haziingii rimu hizi za sport, nyingi zinataka nati za koni, uzi ni M12x1.5. Kaza kwa mkono gurudumu likiwa hewani, shusha jeki, malizia kwa mtindo wa nyota kwa spana ya kupima nguvu, Nm 103. Ile mashine ya upepo ya fundi tairi isimalizie, inakaza kupita kiasi na stadi zinakatika. Kisha balansi na alaimenti. Ukishatembea kama kilomita 100 kaza tena.

Spea ya 15 ya rimu ya chuma iache kwenye buti, kimo chake kinaendana na cha hizi mpya, na nati za koni zinaifunga. Kama umenunua nati za kuzuia wizi zenye funguo yake, funguo ikae humohumo kwenye buti, sio kabatini nyumbani.