Uzamili wa unasihi ukiwa Mbeya au Iringa: hatua ninazompa kila anayeniuliza

Msimu wa udahili ukifika, simu yangu hujaa swali lilelile: "Dada, nataka kusoma masta ya ushauri nasaha, nianzie wapi?" Wengi ni walimu, wauguzi na wachungaji wa huku kwetu, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Mimi mwenyewe nilitokea ualimu wa sekondari. Nilikabidhiwa malezi ya wasichana kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee kwenye stafu, basi. Nimeamua kuyaandika majibu yangu mara moja.

Hatua ya 1: Onja kazi kabla ya kulipa ada

Neno "ushauri" linatuponza. Kwetu mshauri ni shangazi, mzee wa ukoo au mchungaji, yaani mtu wa kukuambia ufanye nini. Mnasihi, yaani mtaalamu wa ushauri nasaha, hakuambii ufanye nini. Anasikiliza, anauliza, anakusaidia kuziona njia ulizonazo na gharama ya kila moja, halafu uamuzi unabaki wako. Kama unachopenda ni kutoa mawaidha, bora ujue mapema.

Tafuta miezi mitatu ya kujitolea. Kwenye CTC, kliniki za huduma na matibabu ya VVU, kazi haiishi kanda hii: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa wa Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati nchi nzima ilikuwa 4.4. Chumba cha faragha hutaingia, na ni haki. Lakini ukikaa benchi na mtu ambaye leo jioni lazima akamwambie mkewe majibu yake, utajua kama una kifua cha kazi hii.

Hatua ya 2: Jua unabisha mlango upi

Watu huchanganya milango mitatu. Kuna unasihi. Kuna saikolojia tiba, ambayo uzamili wake unafundishwa Muhimbili. Na kuna udaktari wa magonjwa ya akili, ambao lazima kwanza uwe daktari. Mnasihi haandiki dawa. Mteja anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii unampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Ukishaujua mlango wako, ingia tovuti ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Angalia chuo, kisha angalia na programu yenyewe, maana chuo kutambuliwa si sawa na kila kozi yake kuidhinishwa. Shahada ya nje ya nchi, hata uliyoisomea kwa intaneti ukiwa sebuleni kwako Uyole, nayo lazima TCU iitambue, la sivyo mwajiri atakurudishia bahasha yako.

Hatua ya 3: Uliza mazoezi, achana na jina la kozi

Hapa ndipo wengi wanaliwa. Wanachagua chuo kwa jina zuri la shahada. Mpigie mkuu wa idara umuulize: mwanafunzi anakaa na wateja halisi saa ngapi? Nani anamsimamia, na huyo msimamizi huwa anaona wateja au anafundisha tu? Vikao vinajadiliwa kila wiki au mpaka mwisho wa muhula? Ukijibiwa "mtaenda fildi mwezi mmoja, mtaleta ripoti", tafuta kwingine. Kwa walioajiriwa, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa, lakini maswali ni hayohayo.

Hatua ya 4: Karatasi na fedha

Transkripti, vyeti, barua za watu wanaokufahamu kitaaluma. Vyuo vingi huanzia GPA ya 2.7. Mtumishi wa umma, shika ruhusa ya masomo mkononi, kwa maandishi, kabla hujafunga begi. Ya mdomo haitakusaidia mshahara ukisimamishwa. Na kwenye bajeti usisahau nauli. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na mwanafunzi wa mazoezi huzikata mara nyingi.

Hatua ya 5: Mazoezi kwa vitendo

Nilipewa chumba kilichokuwa stoo, kimegawanywa kwa plaiwudi. Upande wa pili mtu akikohoa, unamsikia. Mteja wangu wa tatu alikuwa mzee wa koti zito, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

Akanieleza kwa sauti ya chini kuhusu mwanawe wa kiume, ambaye hajazungumza naye tangu walipomzika mama yake. Baada ya kama dakika ishirini akanyamaza, akaniangalia.

"Sasa mwanangu, mimi nimetoka Kilolo kwa nauli yangu. Unanishauri nini?"

Ualimu ukanipanda kichwani. Nikamwambia aitishe kikao cha ukoo, amsamehe kijana, waanze upya. Akasema, "Asante mwanangu," akavaa kofia, akaondoka. Hakurudi tena. Jioni msimamizi wangu alisoma maelezo yangu akaniuliza swali moja: "Kikao cha ukoo kimeshakaa mara ngapi?" Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Leo ningemjibu hivi: "Mzee wangu, najua umetoka mbali. Kabla sijasema lolote, nisaidie kuelewa: mpaka sasa mmeshajaribu nini?" Jizoeze sentensi ya namna hiyo mpaka ikae mdomoni, maana mzee hukatalii tu ombi lake ukanyamaza, ataona umemdharau.

Mambo mengine ya kuzoea mapema ni haya. Usiri una mipaka, na mipaka husemwa dakika za mwanzo: mtu akitaka kujidhuru au kumdhuru mwingine, au mtoto akifanyiwa ukatili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo uwe na namba ya afisa ustawi wa jamii na ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kabla hujazihitaji. Pia, uliza waziwazi kama mtu anafikiria kujiua. Tumekua tukicheka ule utani wa Wahehe na kujiua, ndiyo maana mwanafunzi akifika pale ulimi unamganda. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo; mara nyingi anashusha pumzi, kwamba hatimaye kuna aliyethubutu.

Andika saa zako zote kwenye daftari: tarehe, muda, nani alisimamia. Jina la mteja lisiwemo.

Hatua ya 6: Tasnifu

Chagua mada ndogo unayoweza kuifikia kwa bajaji. Kinachochelewesha watu ni vibali kuliko uandishi: kamati ya maadili kwanza, kisha barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa mkurugenzi wa halmashauri, halafu mtendaji wa kata, na kila ofisi ina mhuri wake na "rudi Jumatatu" yake. Anza barua wakati sura ya tatu bado inasahihishwa.

Hatua ya 7: Kazi

Shahada haikubadilishii cheo yenyewe. Mwalimu aliyerudi na uzamili wa unasihi anabaki mwalimu mpaka aombe kubadilishiwa kada, na nafasi iwepo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Wengine huomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, mashirika, shule binafsi au hospitali za makanisa. Ukifungua ofisi yako, mlipie TRA chake, na kwenye kibao andika "mnasihi". Ukiandika "daktari" utaletewa kesi ambazo si zako.

Wanandoa watakuja wakidhani wewe ni baraza. Waeleze tofauti: chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, hati ya kushindikana kwa usuluhishi inatoka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, haitoki kwako. Nimeshagombezwa kwa kukataa kuiandika.

Halafu kuna zawadi, ambazo darasani hazikupewa hata nusu saa. Mama mmoja wa Rungwe alifika kikao cha mwisho na kiroba cha maparachichi kichwani. Kuyakataa ni kumtusi. Kuyala kimya ni kuanza kulipwa pembeni. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamwambia nitakula na wenzangu. Akiwa bado mlangoni nikayapeleka meza ya wauguzi, na kwenye daftari nikaandika: kiroba kimoja, maparachichi, yamegawiwa.