Stadi za hedi kwenye 1JZ na 2JZ, funga hivi

Wadau wa Dodoma mnaoongeza busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabochaja, yaani tabo) kwenye Chaser na Mark II zenu, zile Toyota zenye injini za 1JZ na 2JZ, hii ni ya kwenu. Mtu akishaweka tabo kubwa kinachofuata anataka stadi za hedi, yaani vyuma vyenye thredi juu na chini vinavyoshikilia hedi badala ya bolti, sawa kabisa, ila wengi wanadhani stadi inaongeza nguvu ya bloku yenyewe. Hapana. Bloku ya JZ ni chuma cha kutupwa, ngumu kweli kweli, kinachozidiwa mapema ni ule mshiko kati ya bloku na silinda hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda), na stadi kazi yake ni hapo tu.

Piga hesabu kidogo. 1JZ na 2JZ zote silinda zake zina kipenyo cha milimita 86, yaani eneo la sentimita 58 hivi za mraba, sasa presha ikifika bar 100 wakati moto unawaka silinda moja tu inaisukuma hedi juu kwa karibu tani 6. Ongeza busti, namba inapanda, na injini ikianza kugonga (mafuta yanawaka ovyo nje ya wakati wake) kwa tyuni mbovu, yaani mpangilio mbaya wa mafuta na moto, inaruka ghafla zaidi, hedi inanyanyuka kidogo mno jicho halioni, gesi inapenya gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku) mpaka kwenye maji ya kupoza, na gari inakuchemkia ukiwa unapanda Nyang'oro kwenda Iringa.

Bolti ukiikaza inavutika na kujisokota kwa wakati mmoja, tena inasaga thredi za bloku kila ukigeuza. Stadi imetulia kwenye bloku, kinachozunguka ni nati ya juu yenye thredi za karibu karibu, kwahiyo inavutwa wima tu na namba unayosoma kwenye toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, yaani toki) inakuwa na ukweli zaidi. Ndo maana watu wananunua stadi za ARP, kampuni ya Marekani. Feki zipo, usinunue kwa kufuata bei.

Kabla ya kununua jua kwanza gasketi iliungua kwa nini. Kama ni rejeta imeziba au feni imekufa, stadi haitakusaidia chochote.

Sasa kazi yenyewe. Hedi ikishatoka weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, pitisha fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya), pima kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, afu fanya hivo hivo kwenye bloku, watu wanasahau bloku. Hedi ni alumini na alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa, ikichemka inapinda. Ikiwa imepinda ipeleke ikaskimiwe (uso usawazishwe kwa mashine), na kama unatumia gasketi ya chuma ya matabaka mwambie fundi wa mashine mapema kwasababu ile inataka uso laini kuliko gasketi ya kawaida. Na kama bloku inachongwa silinda, ulizia kama wana toki pleti (bamba nene linalofungwa juu ya bloku mahali pa hedi wakati wa kuchonga), maana stadi zikikazwa zinavuta bloku na silinda zinapoteza uduara kidogo.

Matundu ya bolti ndo kazi kubwa, hapa usiwe na haraka hata kidogo. Safisha thredi kwa chombo cha kusafishia thredi, sio tapi ya kukatia maana tapi inakula chuma, piga brek klina, puliza na kompresa, rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Tundu ambalo halijatoboka ukiacha oili au maji chini, ukikaza kile kimiminika hakina pa kwenda na kinaweza kupasua bloku. Halafu vumbi letu hili, hasa miezi ya upepo Julai mpaka Septemba, usifungue injini nje chini ya mti, tafuta banda lenye kuta na kila tundu liwe limezibwa mpaka zamu yake ifike.

Stadi ingiza kwa mkono, ukitumia alen kii iwe kuishikiza kidogo tu, haikazwi kwenye bloku. Weka gasketi, shusha hedi, weka washa (pete bapa ya chini ya nati) upande wake uliokatwa pembe uangalie juu, paka mafuta maalum yaliyokuja na seti ya stadi kwenye thredi za juu na chini ya nati. Ukipaka injini oili badala yake namba inabadilika, fuata karatasi ya maelekezo iliyokuja na stadi.

Anza kukaza katikati ukielekea nje, awamu tatu zinazolingana. Zile hatua za kugeuza bolti za kiwandani digrii 90 mara mbili zisahau kabisa, stadi inaenda kwa toki. Angalia vipimo pia, karatasi ikisema futi-paundi 80 hiyo ni nyutoni mita 108, ukiweka 80 kwenye renchi ya nyutoni mita umepungukiwa robo nzima na hedi itavuja tu.

Kuna mafundi watakwambia wabadilishe moja moja bila kushusha hedi. Kwa maoni yangu kataa, matundu hutayasafisha vile inavyotakiwa na uso wa hedi hujauona.

Mwisho maji. Maji ya bomba ya hapa yana chumvi, yanajenga ukoko ndani ya injini, weka kulant au changanya na maji ya betri yasiyo na asidi, toa hewa yote kwenye mfumo, washa injini, subiri ipate joto lake la kawaida, zima, ikipoa kabisa angalia kiwango tena kabla hujagusa busti.