Vitamini B kompleksi ya kila siku: soma miligramu kabla ya kumeza

Vitamini B kompleksi ni vitamini nane ndani ya kidonge kimoja: B1 (tiamini), B2 (riboflavini), B3 (niasini), B5 (asidi ya pantotheni), B6 (piridoksini), B7 (biotini), B9 (folati, ambayo kwenye vidonge huwa asidi ya foliki) na B12 (kobalamini). Namba zilizorukwa zilipewa vitu ambavyo baadaye viligundulika si vitamini.

Watu wengi huuliza kimezwe saa ngapi. Swali la maana zaidi ni kiasi kilichomo, kwa sababu kidonge kisicho na neno kikitumiwa wiki mbili kinaweza kuumiza neva kikitumiwa mwaka mzima.

Kusoma lebo

Geuza chupa, tafuta jedwali la viambato. Tazama kwanza kama takwimu zimetolewa kwa kidonge kimoja au kwa viwili. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu mara mbili. Kisha linganisha na mahitaji ya mtu mzima kwa siku:

- B1: miligramu 1.1 hadi 1.2
- B2: miligramu 1.1 hadi 1.3
- B3: miligramu 14 hadi 16
- B5: miligramu 5
- B6: miligramu 1.3, baada ya umri wa miaka 50, miligramu 1.5 kwa wanawake na 1.7 kwa wanaume
- B7: maikrogramu 30
- B9: maikrogramu 400
- B12: maikrogramu 2.4

Miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Kwenye lebo, mg ni miligramu na mcg au µg ni maikrogramu, na kuzichanganya ni kosa kubwa. Ukiona folati imeandikwa mcg 680 DFE, usishtuke: hicho ni kipimo cha folati ya chakula, na ni sawa na takriban maikrogramu 400 za asidi ya foliki.

Kwa mtu ambaye hajapimwa na kukutwa na upungufu, kidonge chenye kiasi hicho, au hadi mara mbili yake, kinatosha. B12 peke yake inaweza kuzidi sana bila tatizo, kwa sababu inayopita kwenye utumbo ni kidogo. Njia ya kawaida ya kuifyonza hujaa kwa maikrogramu 1.5 hadi 2 kwa dozi moja. Zaidi ya hapo hupenya asilimia 1 hivi tu.

Chupa zenye maandishi B-50 au B-100 ni habari nyingine. Kwa kawaida zina miligramu 50 au 100 za kila moja ya vitamini B kadhaa, kana kwamba mwili unazihitaji zote kwa kiasi sawa. Hauzihitaji hivyo. Sehemu kubwa ya ziada itatoka na mkojo, isipokuwa kuna mbili za kuangalia kwa makini: B3 na, zaidi sana, B6.

B6 ndiyo ya kuhesabu

Kuna imani kwamba vitamini inayoyeyuka kwenye maji haiwezi kuzidi. Kwa B6 imani hiyo si kweli. Ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva za hisia: ganzi, vidole vya miguu na mikono kuchomachoma au kuwaka moto, kisha mwendo kuyumba, hasa gizani ambako macho hayawezi kusaidia miguu. Dalili hizi zinafanana na zile zinazowafanya watu wanunue vitamini B, kwa hiyo wapo wanaoongeza dozi wakidhani hawajameza ya kutosha.

Marekani iliweka kikomo cha B6 kwa mtu mzima kuwa miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilishusha kikomo chake yenyewe hadi miligramu 12. Kwa matumizi ya kila siku bila daktari, sisi tunashauri ushike hicho kidogo. Hakuna faida inayojulikana ya kumeza miligramu 50 kila siku kwa mtu asiye na sababu ya kitabibu.

Jumlisha B6 ya kila kitu unachotumia. Imo kwenye multivitamini, mara nyingi kwenye vidonge vya magnesiamu, na kwenye vinywaji vingi vya kuongeza nguvu. Mchanganyiko wa B1, B6 na B12 unaotolewa kwa maumivu ya neva unaweza kuwa na B6 ya miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja tu. Huo ni dawa ya muda chini ya usimamizi, na ukiwa unautumia, weka kompleksi kando. Ganzi ikianza, acha vyote vyenye B6 uende kupimwa. Neva nyingi hupata nafuu kwa miezi baada ya kuacha, lakini si zote hurudi zilivyokuwa.

Namna ya kumeza

Kidonge kimoja kwa siku, katikati ya mlo au mara tu baada ya kula, pamoja na glasi ya maji. Kwenye tumbo tupu kinaweza kuleta kichefuchefu na kiungulia. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kukiacha ndani ya wiki ya kwanza. Usikisindikize kwa chai au kahawa, kwani tanini zake zinaweza kuishika B1.

Asubuhi au mchana ndiyo saa nzuri, kwa kuwa ni rahisi kukumbuka na wapo wanaosema kikimezwa usiku usingizi hukatika. Kama mlo wako mkubwa ni wa jioni na unalala vizuri, endelea na jioni. Muhimu ni mlo, saa inakuja baadaye.

Kidonge kinachoachia dawa polepole kimeze kizima. Ukikisaga au kukitafuna, dozi yote hutoka kwa mpigo. Ukisahau siku moja, ruka na uendelee kesho. Usimeze viwili kufidia.

Mabadiliko utakayoyaona

Mkojo utakuwa wa njano kali inayong'aa, saa chache baada ya kumeza. Ni riboflavini inayotoka, haina madhara. Usiitumie rangi hiyo kukisia kama umekunywa maji ya kutosha. Harufu ya kidonge chenyewe ni kali, nayo ni ya kawaida.

Uso, shingo na kifua vikipata joto na kuwasha dakika 15 hadi 30 baada ya kumeza, sababu ni niasini ya aina ya asidi ya nikotiniki, ambayo inaweza kufanya hivyo kuanzia miligramu 30 hivi. Kwa kawaida hupita yenyewe. Ukitaka kuepuka, chagua kidonge kilichoandikwa nikotinamidi (au niasinamidi, ni kitu kilekile). Marekani imeweka kikomo cha niasini ya vidonge kuwa miligramu 35 kwa siku.

Usitegemee kuruka kwa nguvu. Vitamini B husaidia mwili kutumia chakula, hazina nishati zenyewe. Aliyekuwa na upungufu ataona tofauti; aliyekuwa nazo za kutosha hataona kitu, hata akiongeza dozi.

Dawa na vipimo

Mwonyeshe mfamasia chupa yako kama unatumia dawa yoyote kati ya hizi:

Metformini ya kisukari, na dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli, hupunguza B12 mwilini zikitumiwa kwa muda mrefu. Hapa tatizo haliko kwenye kompleksi. Tatizo ni kudhani kwamba kompleksi ndogo inatosha. Omba B12 ipimwe. Ikiwa chini, tiba huwa vidonge vya maikrogramu 1,000 au sindano.

Isoniazidi ya kifua kikuu hupunguza B6, ndiyo maana hutolewa pamoja na piridoksini. Usiache piridoksini uliyoandikiwa kwa sababu una kompleksi nyumbani. B6 iliyomo kwenye kompleksi inaweza kuwa kidogo mno.

Levodopa ikitumiwa bila kabidopa hudhoofishwa na B6. Asidi ya foliki kwa wingi inaweza kushusha fenitoini kwenye damu na kumrudishia mtu degedege. Kwa anayetumia methotreksati, daktari ndiye anayepanga kiasi na siku ya foliki. Mjamzito anayepewa SP ya kuzuia malaria asitumie asidi ya foliki ya miligramu 5 au zaidi kwa siku, kwa kuwa huipunguzia SP nguvu. Ile ya maikrogramu 400 haina shida, na inatakiwa ianze kabla ya mimba na iendelee angalau hadi wiki ya 12.

Biotini huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na troponini ya moyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili. Maikrogramu 30 ni kidogo sana, lakini vidonge vya nywele na kucha huwa na maikrogramu 5,000 au 10,000, na vingine huitwa B kompleksi pia. Mwambie mtu wa maabara kabla hajachukua damu, na uulize uache siku ngapi. Mara nyingi ni siku mbili au zaidi.

Pima kabla, usipime baada

Kama una uchovu usioisha, ulimi unaouma, ganzi au kusahau, chukua kipimo cha B12 na picha kamili ya damu kabla ya kidonge cha kwanza. Asidi ya foliki nyingi, hasa zaidi ya maikrogramu 1,000 kwa siku, inaweza kurekebisha upungufu wa damu huku uharibifu wa neva unaotokana na kukosa B12 ukiendelea bila kuonekana. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji B12 ya uhakika, na mara nyingi B12 peke yake humtosha. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kompleksi ya dozi kubwa bila daktari wake.

Kuhifadhi

Acha vidonge kwenye chupa yake, kifuniko kimefungwa, mahali pakavu pasipo jua. Riboflavini na B12 huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa nyeusi au ya kahawia ina kazi yake. Usihamishie vidonge kwenye kopo la kuonyesha ndani. Bafuni na karibu na jiko hapafai. Kidonge kilicholowa, kilichopasuka au chenye madoa kitupe hata kama tarehe haijapita, na chupa iwe mbali na watoto, ambao dozi zao ni ndogo kuliko hizi zote.