Somo: Bajeti ya bima kwa anayestaafu kabla ya miaka 60

Wanachama wengi mnaoniuliza kuhusu kustaafu mapema huanza na kiinua mgongo: kitakuwa kiasi gani, kitatoka lini, nijenge au nifungue duka. Bima hutajwa mwisho, ikiwa itatajwa. Leo tuianze hesabu upande huo, kwa sababu nimeona kiinua mgongo cha miaka 25 ya kazi kikiishia kwenye dirisha la malipo la hospitali ndani ya wiki tatu.

Hapa Kenya mtumishi wa serikali anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 50. Umri wa lazima ni 60, na 65 kwa wenye ulemavu. Miaka hiyo 10 ya katikati ndiyo ninayoizungumzia. Siku unayorudisha kitambulisho cha kazi, mshahara unakatika, na bima ya hospitali uliyokuwa ukilipiwa na mwajiri inakatika siku hiyohiyo au mkataba wake wa mwaka unapoisha. Wewe bado una miaka 52, mtoto yuko chuoni, presha ndiyo kwanza inaanza kupanda.

Hatua ya 1: Andika kila bima inayokulinda sasa, hata usiyoilipia

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi huu na kalamu. Utaona makato ya SHIF, yaani mfuko wa serikali wa bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya kodi. Zile usizoziona ni nyingi zaidi: bima ya hospitali ya mwajiri, bima ya maisha ya kikundi, fidia ya kuumia kazini, na pengine bima inayofuta mkopo wako wa sacco ukifariki. Nenda ofisi ya utumishi, kisha nenda sacco, uliza swali moja kwa kila bima: inaisha tarehe gani nikiondoka? Omba jibu kwa maandishi. Kwenye sacco uliza pia umri ambao bima ya mkopo hukoma, maana kuna mikataba yenye ukomo, na mjane hugundua hilo akiwa matangani.

Hatua ya 2: Zipange kwa ukubwa wa hasara

Jiulize: jambo gani likitokea kesho litanilazimisha kuuza shamba? Hilo ndilo la kukatia bima kwanza. Kulazwa, upasuaji na saratani huuza mashamba. Homa, kikohozi na jino haviuzi. Kwa hiyo msimamo wangu kwa mstaafu mwenye pensheni ya kawaida ni huu: bima binafsi iwe ya kulazwa, matibabu ya nje, yaani yale ya kutibiwa na kurudi nyumbani bila kulazwa, ajilipie au atumie SHA, mamlaka ya serikali inayosimamia SHIF. Mawakala watakuuzia vyote viwili kwa pamoja, na kipande cha matibabu ya nje huongeza bei sana huku kikikulipia vitu ambavyo ungevimudu kwa pesa ya mfukoni. Mwenye ugonjwa wa kudumu unaohitaji dawa kila mwezi apige hesabu yake upya: bei ya dawa kwa mwaka dhidi ya nyongeza ya bima. Dawa ikizidi, anunue.

Bima ya maisha je? Kama watoto wamejitegemea na huna deni, huenda huihitaji tena. Kama wa mwisho yuko kidato cha pili, nunua ya muda maalumu, ya miaka 6 au 7, itakayomfikisha mwisho wa masomo. Hizi ndizo za bei nafuu. Ile ya kuchanganya akiba na bima, ambayo wakala hukuletea wiki kiinua mgongo kinapoingia benki, iache mpaka umeyakamilisha haya mengine.

Hatua ya 3: Badilisha hali yako SHA

Mwajiri akiacha kukukata, hakuna mtu atakayekulipia SHIF. Unahesabiwa kuwa kaya isiyo na mshahara. Piga *147# au ingia Afya Yangu, mtandao wa SHA wa kujisajili, jibu maswali ya kupima uwezo wa kaya, upewe kiwango chako. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Tofauti inayowashtua wengi ni kwamba kaya isiyo na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Pesa hiyo iwe tayari kabla ya kuondoka kazini.

Kama mume au mke wako bado ameajiriwa na anakatwa SHIF, wewe na watoto mnaingia kama wategemezi wake, mtoto aliye masomoni mpaka miaka 25. Hakikisha jina lako lipo kwenye akaunti yake. Usingoje kulijua hilo ukiwa mapokezi.

SHA hulipa hospitali kiwango maalumu kwa kila siku ya kulazwa, kulingana na ngazi ya hospitali. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Hapo ndipo bima binafsi inapoingia.

Hatua ya 4: Nunua bima binafsi ya kulazwa kabla hujatoka

Hapa tukae kidogo. Bima binafsi huwa na kipindi cha kusubiri: ajali hulipwa mapema, ugonjwa wa kawaida baada ya muda, na maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga baada ya muda mrefu zaidi. Ukistaafu tarehe 30 Juni na ukanunua bima Julai, unaweza kukaa miezi mingi bila kinga ya ile sukari uliyonayo tangu zamani. Anza mwaka mmoja kabla. Ndiyo, utalipa bima na huku unalipiwa na mwajiri. Unanunua muda.

Kabla ya kusaini, muulize wakala mambo haya na uyaone ndani ya mkataba: umri wa mwisho wa kupokea mwanachama mpya, umri wa mwisho wa kuhuisha mkataba, bei ya rika linalofuata, kiasi cha juu kinacholipwa kwa maradhi ya kudumu ndani ya kiasi cha juu cha bima nzima, na kama kampuni inayowahudumia sasa kazini itakubali uhamie bima binafsi bila kuanza upya kipindi cha kusubiri. Kuna kampuni zinazokubali ukiomba ndani ya siku chache baada ya kuondoka. Ukichelewa, mlango umefungwa.

Taja maradhi yako yote. Fomu ikiuliza presha, andika presha. Ukificha, utalipa miaka mitano kisha dai la kwanza kubwa likataliwe kihalali.

Aliye na miaka kadhaa iliyosalia kazini aulize kama mpango wake wa pensheni una mfuko wa matibabu baada ya kustaafu. Tangu 27 Desemba 2024 mchango wako humo, mpaka shilingi 15,000 kwa mwezi, huondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 30 anayeweka 15,000 hupunguziwa kodi ya 4,500 kila mwezi. Nafuu hiyo ni ya mwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo itumie ungali na mshahara.

Hatua ya 5: Gari, nyumba, mazishi

Gari la zamani usilikatie bima kubwa kwa mazoea. Bima ya mtu wa tatu, inayowafidia watu wengine gari lako likiwadhuru, ni lazima kisheria. Ile ya kufidia gari lako mwenyewe ipime kwa thamani ya gari sokoni leo.

Nyumba ikatie kwa gharama ya kuijenga upya, bila bei ya kiwanja. Ukiikatia nusu ya thamani utalipwa nusu ya hasara: nyumba ya kujengwa kwa 4,000,000 iliyokatiwa 2,000,000, moto ukila jiko na sebule kwa hasara ya 1,000,000, utapata 500,000.

Bima ya mazishi ni rahisi na huwaokoa watoto na michango. Ikague tu isije ikawa tayari unayo kupitia sacco.

Ukifungua duka au mradi wa ng'ombe na ukaajiri hata kijana mmoja, sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007 inakutaka umkatie bima. Hiyo ni gharama ya biashara, usiichanganye na pesa ya nyumbani.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwaka, kisha gawa kwa 12

Tuchukue mfano wa karani wa Voi, miaka 52, mkewe 48 hana ajira, pensheni 45,000 kwa mwezi. Bei za kampuni ni za mfano, zako zitatoka kwenye nukuu utakazoomba.

SHIF, kwa asilimia 2.75 ya pensheni: 14,850
Bima ya kulazwa, watu wawili: 72,000
Gari, mtu wa tatu: 7,500
Nyumba na vyombo: 9,000
Mazishi: 6,000

Jumla ni 109,350 kwa mwaka, au 9,113 kwa mwezi. Ni zaidi kidogo ya moja ya tano ya pensheni, kabla hajanunua unga. Kwenye nukuu za kampuni angalia kama tozo zimo: 0.2% ya mafunzo, 0.25% ya mfuko wa kufidia wenye bima, na ushuru wa stempu wa shilingi 40.

Sasa ile bima ya kulazwa haitabaki 72,000. Tukikadiria inapanda asilimia 10 kila mwaka, akifika 60 atadaiwa karibu 154,300, na katika miaka 8 ya mwanzo atakuwa amelipa kama 823,400. Pensheni haipandi kwa kasi hiyo. Namba hiyo ndiyo ya kwenda nayo kwenye meza ya familia kabla ya kusaini barua ya kustaafu.

Hatua ya 7: Tenga mfuko wa bima

Kiinua mgongo kikiingia, toa kwanza malipo ya bima ya kulazwa ya miaka mitatu uyaweke kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund) au hati za serikali za muda mfupi, kwa akaunti isiyounganishwa na simu ya matumizi ya kila siku. Kila mwezi pensheni iweke humo ile 9,113. Mwaka ukizunguka, malipo yanatoka hapo, na faida inasaidia kubeba ile asilimia 10. Kama hesabu haikubali, ongeza mwaka mmoja au miwili kazini. Nimewaambia hivyo watu niwapendao, na nawaambia ninyi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Likoni: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Muislamu na bima ya kawaida nina wasiwasi nayo kwa sababu ya riba. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hapa Kenya kuna takaful. Takaful Insurance of Africa inafanya kazi tangu 2011. Wanachama huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, kampuni huuendesha kwa ada, na pesa huwekwa palipo halali. Kwenye bajeti mchango wake uuhesabu kama malipo mengine yoyote, na maswali ya hatua ya 4 uliza yaleyale. SHIF ni wajibu wa kisheria kwa kila mkazi, hiyo endelea nayo.

Mwanachama, Kilifi: Wakala ameniambia nimtumie malipo kwenye namba yake kisha yeye atanilipia kampuni. Ni sawa?

Hapana, dada yangu. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, na udai risiti yenye jina la kampuni. Kinga haianzi mpaka kampuni imepokea pesa. Hakikisha pia wakala ana leseni ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Mwanachama, Taveta: Nina miaka 51 na nimechangia pensheni ya kampuni binafsi kwa miaka 14. Nasikia pensheni haitozwi kodi siku hizi. Niongeze hiyo nafuu kwenye bajeti ya bima?

Bado kaka, usiiongeze. Msamaha huo ulioanza 27 Desemba 2024 ni wa aliyefikia umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko wake, anayeondoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, au anayetoa pesa baada ya miaka 20 ya uanachama. Wewe una miaka 14. Waandikie wadhamini wanaosimamia mfuko wako uwaulize kama kanuni zao zinahesabu 51 kuwa umri wa kustaafu. Mpaka wajibu, panga bajeti kana kwamba utakatwa.

Mwanachama, Mtwapa: Mwalimu, mume wangu ana miaka 63 na alistaafu bila bima binafsi. Kampuni mbili zimemkataa. Tumeshachelewa kabisa?

Pole, mama. Lipeni SHIF ya mwaka mzima leo, msiruhusu pengo hata la wiki. Kisha nendeni kwa dalali wa bima, si wakala wa kampuni moja, awaulizie mipango ya wazee, ambayo ipo kwenye baadhi ya kampuni kwa bei ya juu na kikomo kidogo. Ulizeni na sacco au chama cha wastaafu chake: mpango wa kikundi mara nyingine humpokea mtu ambaye peke yake angekataliwa. Hata hao wakimkataa, ile pesa ya malipo ya kila mwezi iwekeni kwenye akaunti ya matibabu yenye saini zenu wawili, na mchague sasa hospitali ya umma ya ngazi ya 5 iliyo karibu, mfungue faili lake huko wakati bado anatembea kwa miguu yake.