D-Max ikikata nguvu mlimani: pima vakyumu kabla hujanunua turbo

Jirani yangu hushusha nyanya za Ilula Dar, kisha hurudi Iringa na mzigo wa dukani. Gari lake ni Isuzu D-Max ya 2008, injini ya 4JJ1 lita 3.0. Tambarare linakimbia vizuri, lakini likifika mlima wa Kitonga taa ya injini inawaka na nguvu inakatika mpaka malori yanampita. Akizima na kuwasha tena, nguvu inarudi kwa kilomita chache. Aliponijia alikuwa ameshanunua turbo ya mtumba, yaani kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, na kuifunga. Kitonga ikamgomea vilevile. "Fundi, hili gari limenichosha, nitafutie mteja," akaniambia.

Ninaandika nilivyolikagua, maana gari hilo lilinila siku mbili na sitaki wewe likule hata moja.

Kwanza elewa kinachoiongoza turbo hii. Ndani ya upande wa moshi kuna mapezi madogo yanayofunga na kufunguka. Yakifunga, moshi unapita kwa kasi na turbo inajaza zaidi. Yakifunguka, inajaza kidogo. Mapezi yanavutwa na fimbo, fimbo inavutwa na kopo lenye kiwambo ndani, na kopo linafanya kazi kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza inayotoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alternata. Katikati kuna solenoidi, yaani valvu ya umeme, inayoamriwa na kompyuta ya gari kupitisha vakyumu nyingi au kidogo. Pasipo na vakyumu mapezi yanabaki wazi, na gari halivuti.

Hatua ya 1: Soma kodi, usizifute

Kodi hizi si zile za TRA; ni namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inahifadhi, na unazisoma kwa mashine ya kuchomeka. P0299 maana yake turbo inajaza pungufu ya inavyotakiwa, P0234 inajaza kupita kiasi, P0045 ni umeme wa solenoidi. Andika pembeni. Wale wanaochomeka mashine, wanafuta na kusema "tayari" wanakuibia ushahidi. Na kodi ya P0299 haijasema turbo imekufa. Imesema tu hewa haikutosha.

Hatua ya 2: Sensa ya presha, injini ikiwa imezimwa

Weka swichi on bila kuwasha, kisha angalia kwenye mashine sensa ya presha ya hewa inasoma ngapi. Inapaswa kusoma hewa ya mahali ulipo: Dar karibu kPa 101, Iringa mjini 83 au 84. Ikisoma 101 ukiwa Iringa, sensa inadanganya, na kompyuta itaongoza turbo kwa uongo huo. Hatua hii ni ya dakika moja na watu wanairuka.

Hatua ya 3: Mipira mikubwa ya hewa

Kichujio cha hewa unajua kukiangalia. Kwa mipira inayokwenda na kutoka intakula, yaani kipozea hewa inayotoka kwenye turbo, mimi siamini macho. Nina kofia ya bomba la plastiki niliyoitoboa na kuipachika valvu ya tairi la tyubulesi. Naifunga kwa klipu kwenye mdomo wa turbo unaovuta hewa, najaza upepo taratibu, nusu baa inatosha, usivuke baa moja, kisha napaka maji ya sabuni. Hewa itaendelea kupungua kidogo kupitia kwenye injini, hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni mapovu kwenye mipira na viungo vyake. Mpira uliopasuka upande wa chini mara nyingi huambatana na moshi mweusi. Mafuta kidogo ndani ya mipira yasikutishe.

Hatua ya 4: Fimbo inatembea?

Mwambie mtu awashe, wewe uangalie fimbo ya turbo. Injini ikiwaka inavutwa, ikizimwa inarudi. Basi.

Hatua ya 5: Vakyumu, na hapa usiwe na haraka

Nunua pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Ukiniambia nichague kati yake na mashine ya kompyuta ya bei mbaya, kwa magari ya umri huu nachukua pampu. Anza kwenye kopo: chomoa mpira wake mdogo, unganisha pampu, vuta mpaka inchi 20 za zebaki. Fimbo itembee laini bila kushtuka, na sindano ya geji ikae palepale dakika nzima. Ikishuka, kiwambo kimepasuka.

Kisha pima pampu ya gari lenyewe. Chomoa mpira unaoingia kwenye solenoidi kutoka upande wa pampu, chomeka geji, washa, acha kwenye sailensi, yaani injini iungurume bila kukanyagwa mafuta. Sasa tahadhari ambayo kutoijua kulimgharimu mteja wangu mmoja wa zamani alternata nzima. Vitabu vingi vinaandika vipimo vya usawa wa bahari, vinataka inchi 25 na zaidi. Iringa hewa yenyewe ina inchi 24 na kidogo tu. Pampu haiwezi kufyonza hewa ambayo haipo! Kila ukipanda mita 300, toa inchi moja kwenye kipimo cha kitabu. Huku kwetu ukipata 21 au 22, pampu ni nzima. Na kama pedali ya breki nayo imekuwa ngumu, hapo ndipo uishuku pampu au mpira wake mkubwa, maana breki na turbo vinafyonzewa mahali pamoja.

Kwa jirani vipimo vyote vilikuwa safi. Kopo zima, pampu 22, fimbo inatembea. Nikarudia, safi. Nikabadili solenoidi kwa ya kuazima, tukapanda naye kujaribu, nguvu ikakata. Siku ya kwanza ikaishia hapo.

Kosa langu lilikuwa hili: nilikuwa napima asubuhi, injini ikiwa baridi. Siku ya pili tulitoka na mzigo, na nguvu ilipokata tu nikamwambia asimame pembeni lakini asizime. Nikafungua boneti. Nyuma ya injini, karibu na turbo, kulikuwa na kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ule wa maji ya kusafishia kioo. Fundi fulani aliwahi kuunganisha nao ule mpira mdogo wa vakyumu uliochoka. Kwa joto la turbo ulikuwa umelainika kama tambi, na ufyonzaji ulikuwa umeukunja ukabana kabisa, bapa, kama mrija wa juisi mtoto anapofyonza pakiti tupu. Nikauminya kwa vidole kuurudisha duara, fimbo ikaruka mbele yangu. Injini ikipoa unajirudi wenyewe, na kila kipimo kinakuwa kizuri.

Kwa hiyo pima mara mbili, baridi na moto, na mara ya pili pima mwisho wa mpira, pale unapoingia kwenye kopo, siyo kwenye pampu. Weka mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene. Wa dripu hapana, wa maji ya kioo hapana, wa mafuta ya pikipiki hapana, hata kama unaingia vizuri. Usiuache uguse chuma cha turbo. Na kabla ya kuchomoa chochote kwenye solenoidi, piga picha kwa simu. Mipira yake inafanana, na ukiigeuza utatafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Hatua ya 6: Solenoidi

Ina tundu la kupumulia lenye kichujio kidogo. Likiziba vumbi, vakyumu haitoki haraka, mapezi yanabaki yamefunga, unapata P0234. Lipulize. Kagua na soketi yake kama ina kutu.

Hatua ya 7: Masizi kwenye mapezi

Kama fimbo inakwama hata kwa pampu ya mkono, hapo ndipo turbo inashuka kusafishwa. Ile skrubu ya kikomo, inayoweka mwisho wa mwendo wa fimbo, usiiguse. Wapo wanaoizungusha "kuongeza nguvu", wakapata turbo inayojaza ovyo na kodi mpya.

Maliza kwa kufuta kodi na kujaribu gari likiwa na mzigo, mlimani, injini ikiwa ya moto. Jirani alipanda Kitonga yote na katoni za sabuni bila taa kuwaka. Mpira wa nusu mita ndio uliomponya. Ile turbo yake ya zamani, nzima kabisa, bado iko kwenye kiroba stoo kwake, anatafuta wa kumuuzia.