Borderlands 2: pointi za Maya ziende wapi

Maya ni mmoja wa wahusika wa Borderlands 2, mchezo wa video wa kufyatua risasi, na pointi zake hununua ujuzi uliopangwa kwenye miti mitatu. Pointi ya kwanza unaipata levo ya 5, nayo haina mjadala: inafungua Phaselock, nguvu yake ya kumwinua adui na kumning'iniza hewani. Kuanzia hapo kila levo inakupa pointi 1, na kila safu ya mti hufunguka ukishaweka pointi 5 zaidi ndani ya mti huohuo. Ukitawanya pointi kwenye miti mitatu, utafika levo ya 20 bila ujuzi wowote wa maana. Hili ndilo kosa la wengi.

Anza na mti wa Motion. Weka 5 kwenye Ward ili ngao iwe kubwa na ianze kujijaza mapema. Weka 5 kwenye Suspension. Kila pointi inaongeza nusu sekunde, kwa hiyo adui anayening'inia sekunde 5 atakaa 7.5. Levo ya 16 chukua Converge. Pointi moja tu, lakini inavuta maadui wa karibu wote mahali pamoja, hapo tupa guruneti katikati yao. Hata jitu lisiloweza kuinuliwa, wadogo wake watavutwa.

Kisha hamia mti wa Cataclysm uifuate Ruin, ujuzi wake wa mwisho, unaofanya Phaselock iwadhuru pia maadui wa karibu. Kwa njia hii utaipata levo ya 42. Ukienda moja kwa moja, 31. Kungoja kunalipa, maana Ruin bila Converge huwagusa wachache.

Res, ya kumwinua mwenzako aliyeanguka, ni ya timu. Ukicheza peke yako iache.

Ukikosea, mashine ya Quick-Change inakurudishia pointi zote kwa sehemu ya pesa zako. Fanya hivyo ukiwa umefulia.