Unasoma vita vya 1914-1918 vya huku kwetu Afrika Mashariki, Vita vya Kwanza vya Dunia? Tafuta ramani kwanza, hivi ndo nafanya mimi

Vitabu vingi vya vita hivi vinakumwagia majina ya sehemu za mapigano, Salaita, Latema, Kahe, Mahiwa, alafu ramani ni moja tu mwanzoni, mishale mieusi toka Taveta mpaka Msumbiji kama vile watu walikuwa wanateleza. Hiyo haikusaidii kitu.

Hatua ya 1. Usikimbilie intaneti. Soma sura moja na penseli, kila jina la mahali andika pembeni na tarehe yake, mito na stesheni za treni usiziruke, hizo ndo zitakuokoa mbele.

Hatua ya 2. Tafuta ramani ya enzi hizo hizo. Ya Wajerumani ni ile ya skeli 1:300,000 ya wachora ramani Sprigade na Moisel, sentimita moja ni kilomita tatu, inaonyesha njia za miguu na mito. Upande wa Waingereza, British Library wameskani ramani za jeshi za Afrika Mashariki na zipo kwenye tovuti ya Wikimedia Commons, bure kabisa. Daunilodi faili kubwa kuliko yote, ile ndogo ukizumu unaona ukungu tu.

Sasa hapa wengi wanakwama, manake ukitafuta "Kilimanjaro" kwenye ramani ya Mjerumani hupati, yeye kaandika Kilimandscharo. Dsch ni j, sch ni sh, kwahiyo Aruscha, Moschi, Rufidschi, na Mwanza ni Muansa. Kuna na majina yaliyokufa kabisa: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, na Abercorn ya Waingereza, pale Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipojisalimisha tarehe 25 Novemba 1918, leo ni Mbala, Zambia. Tengeneza kakaratasi kako ka majina, kaweke ndani ya kitabu.

Hatua ya 3. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, nenda menyu ya kuongeza vitu, chagua kuweka picha juu ya ramani, weka ile skani, punguza rangi iwe nusu unaona chini, alafu vuta kona mpaka vitu viwili vitatu vikae sawa. Shika rasi za pwani, makutano ya mito, stesheni. Barabara achana nazo, zimehama. Na usidanganywe na vitu vya leo: lile ziwa la Nyumba ya Mungu kusini ya Moshi ni bwawa la miaka ya 1960, mwaka 1916 halikuwepo. Hata reli ya Voi kuja Kahe ilijengwa vita vikiwa vinaendelea, kwahiyo 1914 ifute kichwani.

Hatua ya 4. Jaribu na Tanga, Novemba 1914, ni ndogo na inaeleweka. Weka alama Ras Kasone, ndo Waingereza na askari wao wa Kihindi walishukia, alafu angalia ulipo mji, halafu ule mtaro wa reli katikati ambao Wajerumani waliufanya ngome. Fuata reli mpaka Moshi, pima, ni kama kilomita 350. Hapo unaelewa bila kuambiwa kwanini Waingereza kuchelewa kushambulia kuliwaumiza, askari wa Lettow walikuwa wanashushwa na treni, na waliokuja na meli walikuwa kama elfu 8 dhidi ya elfu moja hivi na bado wakashindwa. (Nyuki waliowauma askari nao walichangia, ila hao hawapo kwenye ramani yoyote.)

Hatua ya 5. Mapigano makubwa yape kila moja rangi yake, chora njia na uandike tarehe kila kituo, sio mshale mtupu. Ukifika Kondoa, Aprili 1916, andika na mvua, bila mvua huwezi kuelewa kwanini van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, alikwama pale.

Novemba 1917 Lettow na jeshi lake wanavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na ramani ya Mjerumani inaishia mpakani. Tafuta Negomano, pale mto Lujenda unapoingia Ruvuma, alafu kuanzia hapo fuata mito tu, Msumbiji yote nimeisoma hivyo na inatosha.